Ukitaka kuhukumu albamu kongwe: mwongozo wa msikilizaji wa Lamu

Bishano la muziki huanza upesi na huisha bila mshindi, na mara nyingi kisa si ladha. Mmoja ameisikia Exodus ya Bob Marley kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, mwenziwe kwenye simu iliyovuruga mpango wa nyimbo, wa tatu anajua zile mbili tatu tu zinazopigwa kwenye mashua za watalii. Wote watatu wanasema kwa uhakika uleule. Anayetaka rai yake isimame hata mbele ya mpinzani inambidi ajue amesikia nakala gani, kwa mwendo gani, kwa mpango upi, kisha aweze kutaja dakika na sekunde ya jambo analolisemea. Hayo yote yanawezekana kwa vifaa vya kawaida, ndani ya nyumba ya mawe ya Mkomani au kwenye chumba cha bati cha Langoni.

Nakala gani uliyo nayo?

Albamu moja huweza kuwa albamu mbili. Chukua Catch a Fire ya The Wailers, ya 1973. Nyimbo zilirekodiwa Jamaika, kisha London mtayarishaji Chris Blackwell akaongeza gitaa la Wayne Perkins na kinanda ili ziwaingie mashabiki wa roki. Nyimbo za Jamaika zenyewe, kabla ya nyongeza, zilitolewa rasmi 2001. Atakayekwambia reggae ile ina gitaa jingi mno na atakayesema ni kavu wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Kwa rai yetu ile kavu ina nguvu zaidi, kwa sababu bezi na ngoma hazigombanii nafasi na mtu. Lakini nyongeza ya gitaa kwenye Concrete Jungle ni ya kusifiwa, na anayeikataa kwa kuwa tu mpigaji ni Mmarekani hajaisikiliza.

Mfano mzito zaidi ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, 1959. Siku ya kurekodi nyimbo tatu za upande wa kwanza, mashine ya kurekodia ilikwenda polepole kidogo. Kanda ile ilipochezwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki ukawa wa haraka kidogo na wa juu kidogo kuliko ulivyopigwa. Sahani za santuri zikauzwa hivyo miaka mingi. Kosa lilisahihishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Ukiwa na toleo la zamani, au nakala iliyotokana nalo, piano haitakubaliana na programu ya kupimia nota kwenye simu: sindano itasimama juu ya nota kila mara, upande wa kwanza tu. Upande wa pili uko sawa. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, nacho hukwambia umri wa nakala yako vizuri kuliko maandishi ya jalada.

Kwa faili za simu, angalia ukubwa. Albamu ya dakika 45 iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ina takribani megabaiti 43. Kwa kilobiti 320 inafika 108. Faili ndogo kuliko hiyo ya kwanza isikilize, ila usiitolee hukumu ya ubora wa sauti. Na namba kubwa pekee si dhamana: faili duni iliyobadilishwa kuwa ya 320 hunenepa bila kurudisha kilichokatwa, na kadi za memori zinazouzwa zikiwa zimejazwa nyimbo mia kadhaa zimejaa faili za namna hiyo. Zikamate kwa matoazi. Kwenye So What, wimbo wa kwanza wa Kind of Blue, kiasi cha dakika moja na nusu Miles anapoanza kupiga peke yake, mpiga ngoma Jimmy Cobb anagonga toazi moja linalobaki likilia kwa sekunde kadhaa. Kwenye faili nzuri linafifia kama kengele. Kwenye faili mbovu linakuwa mchanga unaomwagwa juu ya sinia.

Kisha zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, na zima kipengele kinachozivusha nyimbo kwa kuzifunika mwisho na mwanzo. Washa kile kinachoondoa pengo kati ya faili. Upande wa kwanza wa What's Going On ya Marvin Gaye (1971) na mfululizo wa nyimbo fupi unaofunga upande wa pili wa Abbey Road ya The Beatles (1969) umeshonwa bila pengo, na kimya cha nusu sekunde kikiingia katikati huua kile hasa kinachosifiwa. Matoleo ya maadhimisho yenye nyimbo za ziada yana hila yake: jua albamu ya asili inaishia wapi, usimame hapo. Mazoezi na majaribio yaliyobandikwa mwishoni hayakuwamo katika kazi aliyoikusudia mwenyewe.

Chumba

Nyumba ya mawe ya Lamu ni nzuri kwa baridi na mbaya kwa bezi. Boriti za mikoko haziwezi kuziba nafasi pana, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, upana usiofika mita tatu. Chumba cha upana wa mita 2.7 huvimbisha sauti ya takribani hezi 63, ambayo iko katikati kabisa ya eneo la gitaa la bezi. Matokeo yake nota moja inanguruma na jirani yake inapotea, nawe unamlaumu mpigaji. Jaribu kwa Billie Jean ya Michael Jackson, kwenye Thriller ya 1982: ngoma zikishaanza, bezi inaingia na kutembea juu ya nota chache zilezile. Zote zinapaswa kuwa na uzito mmoja. Ikiwa moja inatikisa sahani za ukutani, kosa ni la kuta.

Weka spika kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba, ziachane mita moja na nusu, na kila moja iwe angalau nusu mita kutoka ukutani. Kaa umbali unaozidi kidogo ule wa spika kwa spika, na usiegemee ukuta wa nyuma, maana hapo ndipo bezi hujilundika. Kosa la wengi ni kuitia spika ndani ya kidaka, yaani kishubaka cha ukutani. Inapendeza macho, sawa, lakini kidaka kinageuka sanduku la pili na sauti za wanaume zinakuwa kama zatoka kwenye mtungi. Acha zidaka zibaki na vyombo vyake. Zenyewe zinasaidia kutawanya sauti nyembamba. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi wa chuma baada yake, tandika zulia au mikeka miwili juu ya sakafu ya chokaa na tundika blanketi nzito kwenye ukuta mmoja mrefu. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hii.

Juu, chini ya makuti, mwangwi hakuna kabisa na bezi ni safi, ila kuna upepo. Kusi ikivuma, vipande vya polepole vinafunikwa na mtikisiko wa makuti. Sikiliza huko wakati wa maleleji, pepo zinapotulia baina ya misimu, au ngoja hadi usiku upepo ulegee.

Kwa anayetumia spika moja ya Bluetooth: inatosha kwa rekodi za sauti moja, yaani za njia moja tu, kama sahani za zamani za taarabu na Pet Sounds ya The Beach Boys (1966) katika toleo lake la kwanza. Haitoshi kwa Kind of Blue ya stirio, ambamo wapiga saksafoni wawili, John Coltrane na Cannonball Adderley, wamewekwa pande mbili tofauti. Kwenye spika moja wanakanyagana. Visikizi vya masikioni vya bei nafuu vitakufaa zaidi hapo.

Kiasi cha sauti kiwe kile kinachomlazimu mtu aliye karibu nawe apaze sauti kidogo ili umsikie. Chini ya hapo sikio la binadamu hupoteza bezi kwanza, na albamu yoyote itaonekana nyembamba. Ukilinganisha nakala mbili, sawazisha sauti zao kwanza kwa programu ya kupimia desibeli, simu ikiwa mahali pamoja. Yenye sauti kubwa kidogo hushinda daima, hata ikiwa mbovu.

Kanda za taarabu

Hapa pana shughuli, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki wa pwani haikuzaliwa kama albamu. Mwimbaji wa Zanzibar Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye sahani za 78, yaani za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika tatu. Beti zilikatwa ili zitoshe. Baadaye zikaja sahani ndogo za 45, kisha kaseti, nyingi zikiwa zimerekodiwa harusini. Kwa hiyo ukisikia Zanzibara 2, mkusanyo wa taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, usihukumu mpango wa nyimbo: waliozipanga ni wakusanyaji, si waimbaji wenyewe, Zein l'Abdin wala Juma Bhalo. Hukumu wimbo mmojammoja. Kwenye kaseti ya harusi, hukumu upande mzima, na vigelegele na vurugu za kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa, ni sehemu ya kazi, wala si uchafu wa kuondolewa. Mwimbaji anarudia ubeti kwa sababu aliyetunza bado hajashuka jukwaani. Anayelalamika kwamba wimbo umerefushwa hajui anachosikiliza.

Kabla ya kucheza kaseti iliyokaa kabatini, itazame kupitia kidirisha chake kwa tochi. Ukiona vidoa vyeupe kama unga kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu, na unyevu wa Lamu huileta hasa baada ya mvua za Mei. Usiicheze. Kuvu huhamia kwenye hedi ya kusomea na kutoka hapo huambukiza kila kanda itakayofuata. Itie kaseti kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, viwe vitano au sita, kwa siku tano. Usiianike juani, utepe hujikunja. Kisha nenda uani, funika pua, zungusha kigurudumu kwa kalamu ya wino yenye pembe sita, utepe upite polepole juu ya kitambaa laini kikavu pande zote mbili. Hapo ndipo uicheze, kwa mashine usiyoionea uchungu, na mara moja baadaye usafishe hedi kwa pamba ya kijiti iliyochovywa spiriti ya dawa isiyo na mafuta wala manukato. Safisha na kigurudumu cha raba kinachovuta utepe. Ngoja dakika kumi vikauke.

Onyo kwa mwenye sahani za 78: spiriti huyeyusha shelaki, ile gundi nyeusi zilizotengenezwa nayo. Tumia maji yaliyosafishwa, ya aina inayouzwa kwa kutilia betri, na tone la sabuni ya vyombo, usiloweshe karatasi ya katikati. Na sindano ya santuri za kawaida ni nyembamba mno kwa mifereji ya 78. Itakwaruza chini na kutoa mchakacho mtupu, nawe utasema Siti alirekodiwa vibaya.

Sasa mwendo. Mikanda ya raba ndani ya redio za kaseti hulegea au huyeyuka ikanata kwa joto letu, na mashine ikaenda polepole au ikayumba. Tafuta wimbo mmoja ulio na urefu unaojulikana. Ikiwa wimbo wa sekunde 240 umekwisha kwa sekunde 233, mashine inakwenda kasi kwa asilimia tatu, sawa na nusu ya hatua moja ndogo ya kinanda. Hiyo inatosha kumfanya mwimbaji mtu mzima asikike kijana. Ikiwa udi unayumba kwenye nota ndefu, badilisha mkanda. Usiguse skrubu ya mwendo. Ikiwa sauti ni sawa ila imefunikwa, kama mtu anayeimba nyuma ya pazia, tatizo ni mwelekeo wa hedi. Kuna skrubu ndogo kando yake. Igeuze robo ya mzunguko kwa bisibisi ya plastiki huku kanda ikicheza, kushoto kisha kulia, usimame pale mkwaruzo wa nyuzi za udi unaposikika wazi kuliko kote. Weka alama ya kalamu mahali ilipokuwa mwanzo, maana kanda nyingine zitataka irudi palepale.

Mara tatu, na daftari

Mara ya kwanza usiandike kitu. Sikiliza upande mmoja, dakika ishirini na kitu, pumzika dakika tano kama anayegeuza sahani, kisha upande wa pili. Pumziko hilo lina maana yake. Exodus ya 1977 imekatwa pande mbili kwa makusudi: upande wa kwanza nyimbo tano nzito, za mtu aliyehamia London baada ya kupigwa risasi Desemba 1976, upande wa pili Jamming, Waiting in Vain, Three Little Birds, One Love. Watu wanaujua wa pili na kuiita albamu ya mapenzi na raha. Rai yetu ni kwamba upande wa kwanza ndio albamu, na wa pili ni zawadi. Tahadhari moja: Natural Mystic huanza kimya na kupanda taratibu, na wengi huongeza sauti wakidhani spika haijashika. Ngoja.

Mara ya pili, siku nyingine, ndiyo ya daftari. Gawa ukurasa kwa mstari: kushoto saa ya kwenye kifaa, kulia kilichotokea. Kilichotokea tu, "nzuri" na "mbaya" hazina nafasi hapo. Ukurasa wa So What ungeweza kuwa hivi:

Mwanzo: piano na bezi, hakuna mapigo ya kuhesabika.
Baada ya nusu dakika hivi: bezi yauliza, piano yaitikia kwa kodi mbili (nota kadhaa zipigwazo pamoja). Kisha wapuliza wote wachukua uitikiaji.
Katikati ya mzunguko: kila kitu chapanda hatua ndogo moja, kisha charudi.
Toazi. Tarumbeta peke yake, nota chache, nafasi nyingi.

Ukishaandika hivyo, msikilizaji wa pwani ataona jambo ambalo wachambuzi wa mbali hulieleza kwa maneno marefu: ni mwimbaji na waitikiaji, ila anayeimba ni bezi. Rai yako imepata mguu. Mtu akisema wimbo hauna melodia, humwambii "hujui muziki". Unamwambia asikilize nani anauliza na nani anajibu.

Albamu ndefu zilizorekodiwa jukwaani zinataka uvumilivu wa namna nyingine. Enta Omri ya mwimbaji wa Misri Umm Kulthum, iliyotungwa na Mohammed Abdel Wahab, 1964, inakwenda karibu saa nzima na utangulizi wa ala ni mrefu. Andika kila anaporudia mstari, na alichobadilisha: nota ya mwisho, pumzi, neno alilolivuta. Ukirukia anapoanza kuimba, umekula wali bila mchuzi.

Mara ya tatu iwe baada ya wiki, kwa kifaa tofauti. Kilichobaki kizuri kwenye spika mbovu ni utunzi. Kilichopotea kilikuwa utayarishaji. Vyote vina haki ya kusifiwa, ila viseme kwa majina yake.

Maneno ya wimbo yaandike kwa masikio yako, na hapa hoja ni moja: usiyasanifishe. Taarabu ya huku imeimbwa kwa Kiamu na Kimvita. Aliyeimba mato usimwandikie macho, wala ndia usiifanye njia; vina vya -to vitavunjika nawe utamshutumu mshairi kwa kosa lako. Hesabu mizani, kwa kawaida minane na minane. Kipande kikizidi, sikiliza tena kabla ya kulaumu, huenda silabi imemezwa. Kwenye albamu Mtindo wa Mombasa ya Zein, mzaliwa wa hapahapa Lamu, fuatilia udi baina ya mistari: ni maelezo ya mstari uliopita, si mapambo. Fumbo usilolifahamu liandike "fumbo" na umuulize mkubwa. Kubuni maana ni njia ya haraka ya kuchekwa.

Kusikiliza barazani

Baada ya Isha ndio wakati, na spika isielekee msikitini. Adhana ikianza, zima kabisa, kupunguza hakutoshi. Ramadhani na siku za Maulidi ya Riyadha usiweke kikao. Watu sita wanatosha, kwa birika moja la kahawa chungu na halua. Aliyeleta albamu aseme nakala yake ni ipi na anyamaze.

Kanuni ngumu ni ya nani aanze kusema. Akianza mzee, vijana wote watakubaliana naye kwa adabu na kikao kimekwisha. Mwombe mapema, kando: "Mzee, kwa idhini yako, leo tuwaache wadogo watangulie, wewe utufungie." Hakuna atakayekataa kufunga. Kila mmoja ataje wimbo mmoja na mahali pamoja ndani yake. Asemaye "yote nzuri" apitwe hadi zamu ya pili. Panapotokea ubishi wa kilichosikika, rudisha nyuma muisikie pamoja, mara moja tu. Ubishi wa ladha uache ulivyo.

Albamu maarufu isiyokuingia usiilazimishe na usiitukane. Andika tarehe, nakala, kifaa, na sababu moja yenye dakika yake, kisha uifungue tena mwakani. Thriller, kwa mfano, twaiona na ufa mmoja: The Girl Is Mine, unaokuja wa tatu na kuzima moto uliowashwa na wimbo wa kwanza. Huo ndio ukubwa wa rai inayoweza kujibiwa.

Kaseti ikimaliza usiirudishe mwanzo kwa kasi. Utepe uliozungushwa mbio hukaza vibaya na kingo zake hutokeza. Ihifadhi ikiwa imechezwa hadi mwisho, isimame wima kwenye jalada lake, ndani ya bati lenye kifuniko, mbali na spika kwa sababu ya sumaku. Vifuko vya unyevu vibadilishe kabla ya mvua za masika.